Njia ya Nyama katika Nindja

Katika Kiswahili chetu cha Kongo neno moja lina kazi mbili. Tunasema «nyama» tukitaja kiumbe chenye kupita porini kwa miguu yake. Tena tunasema «nyama» tukitaja kipande chenye kuchemka katika chungu. Mtu mwenye kushiba husikia maana ya kwanza. Mwenye njaa husikia ya pili. Mambo yote tutakayoeleza hapa yanasimama kati ya maana hizo mbili. Msomaji ayakumbuke tangu mwanzo, asije akadhani kama tunataka kumpenda gorila kupita mtoto wa mtu.

Tunataka kueleza namna gani sehemu mbili za parke ya Kahuzi-Biega zinashikana kwa njia moja nyembamba ya mwitu, katika inchi ya Nindja. Kwa sababu gani njia hiyo inakatika. Na nini inaweza kuiokoa. Wengi kati yenu wanatoka Kabare, Kalehe, Walungu, Shabunda ao Walikale. Mtarudi huko kufanya kazi, na watu watakuja kuwauliza shauri juu ya udongo, juu ya mipaka, juu ya kijana aliyekamatwa na walinzi porini. Ni vema kuyajua mambo mbele ya kujibu.

I. Parke yenye umbo la kibuyu

Mtu akitoka Bukavu kwa barabara ya Kavumu, akafika Miti, akageuka upande wa kushoto na kuanza kupanda, atafika Tshivanga, kilometri zaidi ya 30 kutoka mjini. Hapo kuna nyumba za walinzi na mahali pa kupokea wageni. Mwitu unaoanzia hapo umechukua jina la milima miwili iliyokuwa zamani ya moto: Kahuzi, wenye metri 3.308, na Biega, wenye metri 2.790.

Mwaka 1937 Serikali ya Wabelgiji ilitenga mwitu wa Kahuzi uwe akiba ya nyama na ya miti. Tarehe 30 Novemba 1970 akiba hiyo ikafanywa parke ya taifa, yenye kilometri za mraba 600. Parke hiyo ilikuwa ya mlimani tu. Lakini mtu akisimama juu ya mlima na kutazama magharibi, huona mwitu unaendelea kushuka, kilima kwa kilima, mpaka inchi ya chini yenye joto, kuelekea Walikale na Shabunda. Nyama wa mlimani na nyama wa bondeni walikuwa wa mwitu mmoja. Kwa hiyo tarehe 22 Julai 1975 parke iliongezwa ikawa na kilometri za mraba 6.000, ndiyo kusema mara kumi ya ile ya kwanza. Mwaka 1980 Unesco ikaiandika katika orodha ya mali ya watu wote wa dunia.

Sasa chukua kibuyu cha maziwa, ukilaze chini mbele yako. Kichwa kidogo, ndiyo mlima: Tshivanga, Kahuzi na Biega. Tumbo kubwa, ndiyo bonde: kilometri za mraba karibu 5.400 za mwitu wa joto. Kati ya kichwa na tumbo kuna shingo. Shingo hiyo inapita katika Nindja, na ukubwa wake ni kilometri za mraba karibu 72 tu. Wataalamu wanaiita kwa Kifaransa «corridor». Sisi tutaiita njia ya nyama.

Kila mtu anajua ginsi kibuyu kinavyovunjika. Hakivunjiki tumbo kwanza; huvunjika shingo.

II. Faida ya njia hiyo

Utauliza: Kama kuna mwitu juu na mwitu chini, kuna hasara gani kama katikati pakilimwa maharagi? Kila sehemu si ingebaki na nyama wake?

Jibu la kwanza ni juu ya uzazi. Jamaa ya gorila ina baba mmoja mkubwa mwenye mgongo mweupe, pamoja na wake na watoto. Binti akikomaa, kwa desturi huiacha jamaa aliyozaliwa na kuingia katika jamaa nyingine. Kijana dume naye mara nyingi huenda zake kutafuta makao. Hivyo damu inachanganyika. Fikiri kijiji kimoja chenye kufungwa pande zote, bila barabara, bila kivuko, vijana wake hawana pa kuchumbia ila kwa ndugu zao. Mababu zetu walijua ubaya wa jambo hilo, wakalikataza kwa mwiko. Nyama hawana mwiko wa kutangazwa. Mwiko wao ni njia ya kuondokea. Njia ikifungwa, watu wa nje hawaoni kitu mwaka wa kwanza wala wa kumi. Lakini damu inapunguka nguvu, na ugonjwa mmoja unaweza kuwapata wote kwa namna moja. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kama walilinganisha mifupa na ngozi za gorila wa zamani, zilizohifadhiwa katika majumba ya elimu, na damu ya wale wa siku hizi. Waliona kama gorila wa bonde la mashariki, ndiye wa kwetu, amekwisha kupoteza sehemu ya utajiri wa damu yake katika miaka mia iliyopita.

Tukumbuke tena kama gorila hazai upesi. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka karibu 10, kisha huzaa mtoto mmoja kila miaka minne hivi. Jamaa iliyopungua haijazwi kwa mwaka mmoja kama zizi la mbuzi.

Jibu la pili ni juu ya chakula na miti. Tembo hula matunda huku, huangusha mbegu kule, na mbegu zimepata mbolea tayari. Kuna miti ya mwitu yenye mbegu kubwa kabisa ambazo ndege hawawezi kuzimeza. Tembo ndiye mpandaji wake. Tembo asipopita, miti hiyo haizai watoto mbali na mama yake. Kwa hiyo njia ya nyama ni tena njia ya miti.

Jibu la tatu ni juu ya kukimbia. Watu wa Kivu hatuhitaji kufundishwa neno hilo. Bunduki zikilia upande mmoja, mwenye miguu huenda upande mwingine. Mfano tunao katika jimbo jirani. Kati ya parke ya Virunga na parke ya Queen Elizabeth ya Uganda mpaka unapita karibu na mto Ishasha, na tembo wanauvuka. Wakati wa vita na ujangili wengi walihamia Uganda. Mwaka 2020, ulinzi ulipopata nguvu tena upande wa Kongo, tembo mamia walirudi kwa kundi moja kubwa. Kama kule Ishasha pangalikuwa pamejengwa na kulimwa pote, wasingalikwenda, na wasingalirudi.

Faida ya nne ni ya watu wenyewe. Mwitu wa mlimani unashika maji. Maji ya upande wa mashariki yanashuka kwenda Ziwa Kivu. Ya upande wa magharibi yanakwenda mpaka Lualaba. Mwitu ukiondolewa juu, mvua haiketi tena. Inakimbia na udongo, na mama wa kijiji anaona chemchemi yake inakauka wakati wa jua.

III. Namna gani shingo ilianza kukatwa

Mwaka 1975 mstari mpya wa mpaka ulichorwa juu ya karata. Lakini inchi haikuwa wazi. Palikuwa na vijiji, mashamba, makaburi, na watu waliolipa kodi kwa Mwami wao. Wengi walilala usiku wakiwa wakulima, wakaamka wakiwa wavunja sheria, bila kuhama hata hatua moja. Hawakuulizwa. Katika Nindja na katika bonde watu wengi hawakukubali mpaka huo, na walinzi wakashindwa kuuonyesha kwa alama zenye kueleweka na wote. Hili ni kosa la kwanza, na makosa mengine yamezaliwa nalo.

Kosa la pili ni la makaratasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kama udongo wote ni mali ya Serikali. Mtu binafsi hupewa ruhusa ya kuutumia kwa karatasi ya ofisi. Lakini karatasi ilitolewa hata mahali pasipotolewa. Ndani ya shingo ya parke watu wenye uwezo walipata hati za mashamba makubwa, kwa ng'ombe na kwa kulima. Ofisi moja ya Serikali ilisema: hapa ni parke, mtu asilime. Ofisi nyingine ya Serikali hiyo hiyo ikapiga muhuri: hapa ni shamba la fulani. Tangu miaka mingi Unesco inaomba hati hizo zifutwe.

Mtu mdogo wa Nindja aliyaona hayo. Alijiuliza: «Kama tajiri wa mjini anaweka ng'ombe zake ndani, mimi nitafungwa juu ya mistari mitano ya mihogo?» Haifai kumwita mtu huyo adui wa nyama. Alifuata njia iliyofunguliwa na wakubwa kupita yeye.

Kosa la tatu ni la vita. Mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walitoka Rwanda na kuingia Kivu. Kambi zao nyingine zilikuwa karibu na parke, na kila jiko lilihitaji kuni. Mwaka 1996 vita ilianza kwetu. Mwaka 1997 Unesco iliandika parke katika orodha ya mali zenye kuwa hatarini. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula katika masoko ya dunia, na maelfu ya wachimbaji waliingia katika mwitu. Mchimbaji anakula kila siku, na katika mwitu hakuna soko: chakula chake kilikuwa nyama. Ndipo maana ya pili ya neno letu ilipomeza maana ya kwanza.

Mwaka 1996 sehemu ya mlimani ilikuwa na magorila karibu 245. Mwaka 2000 walibaki karibu 130. Tembo wa mlimani, waliokuwa mamia, walimalizwa karibu wote. Kisha, kwa kazi ngumu ya walinzi, magorila wa mlimani waliongezeka tena, na hesabu ya mwaka 2015 ilipita 200. Tunaona hapa kama nyama wanaweza kurudi wakipata nafasi. Lakini 200 na zaidi kidogo, wakifungwa katika kichwa cha kibuyu, hawana akiba ya kutosha.

IV. Jambo la Batwa

Hatuwezi kusema habari za mwitu huo na kuruka habari za Batwa. Mbele ya akiba ya mwaka 1937 na mbele ya parke ya mwaka 1970, wao walikaa ndani yake. Walijua kila mti wa dawa, kila pango, kila njia ya nyama. Wakati parke ilipoanzishwa waliondolewa, jamaa nzima, bila kupewa inchi nyingine ya kuwatosha. Tangu hapo wamekaa pembeni ya mashamba ya wengine kama wageni, wakifanya kibarua, wasio na udongo wa kuzika mtu wao.

Tusisahau kama hao hao ndio waliowafundisha wageni kuona gorila. Mwanzo wa miaka ya 1970 Mbelgiji Adrien Deschryver aliwazoeza magorila kukubali kutazamwa na watu. Lakini waliofuata nyayo, waliosoma majani yaliyovunjika na kulala kwa jana, walikuwa Batwa. Hivyo Kahuzi ikawa moja ya mahali pa kwanza kabisa katika Afrika ambapo mgeni aliweza kumkaribia gorila wa mwitu bila hatari. Faida ilikwenda wapi? Mfuata nyayo alipata mshahara kidogo. Jamaa yake haikupata mwitu wala shamba.

Mwezi wa Oktoba 2018 Batwa wengi walirudi kwa nguvu ndani ya parke. Tangu hapo damu imemwagika: Batwa walikufa, na walinzi walikufa. Tena nyuma yao waliingia wafanyabiashara wa makala na wa mbao, na kilima kwa kilima kikaachwa wazi. Makala hayo yaliuzwa mjini, na sisi watu wa mjini tuliyapikia. Mwaka 2022 inchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu hao, ya tarehe 15 Julai. Na mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Komisioni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye kusema kama Serikali ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na kama wanapaswa kurudishiwa inchi yao.

Wengine husema: «Ukimpa Mutwa haki yake, mwitu umekwisha.» Wengine husema: «Ukilinda mwitu, umemwua Mutwa.» Maneno yote mawili yanasahau jambo moja. Miaka mingi sana Batwa walikaa humo, na Wabelgiji walipotenga akiba mwaka 1937 walikuta mwitu mzima. Kuondoa watu wenye kuujua mwitu hakukuufunga mlango kwa wenye kuukata.

V. Wageni wenye kuja kutazama

Wengi wanasema kama wokovu wa parke ni watalii. Tuone neno hilo lina ukweli gani.

Ukweli wa kwanza: mgeni mmoja mwenye kuja kumtazama gorila analipa pesa nyingi kwa saa moja, na gorila yule anabaki mzima kwa mgeni wa kesho. Mwindaji anamwuza mara moja, basi. Miaka ya nyuma wageni wa Tshivanga walijua magorila kwa majina yao: Casimir, Mushamuka, Maheshe, na katika miaka ya karibu Chimanuka. Maheshe aliuawa na majangili mwaka 1993. Waliomwua walipata kidogo. Waliomkosa walikuwa dereva, mpishi, mwuza vikapu, mlinzi na watoto wao wote.

Ukweli wa pili: pesa hizo zinaweza kufika kijijini kama kuna sheria ya kuzigawanya. Katika Rwanda, tangu mwaka 2005, sehemu 5 kwa mia ya mapato ya parke zao zilitengwa kwa vijiji jirani. Mwaka 2017 sehemu hiyo ikawa 10 kwa mia. Vilijengwa vyumba vya masomo, nyumba za wagonjwa na matanki ya maji. Mkulima aliyeharibiwa mahindi na nyati anaona angalau kitu kimoja kilichotoka kwa nyati.

Lakini kuna mambo mawili ya kutazama kwa macho makavu.

Jambo la kwanza: mgeni anakwenda Tshivanga, upande wa mashariki, karibu na barabara na karibu na mji. Nindja iko upande mwingine. Hakuna mtalii wa kawaida anayefika katika shingo. Hakuna gorila wa kuonyeshwa huko, wala barabara njema, wala nyumba ya kulala. Pesa za wageni zikifuata nyayo za wageni, zitabaki katika kichwa cha kibuyu. Kijiji chenye kushika mlango wa nyama kitaendelea kuona walinzi na mipaka tu. Kwa hiyo, mtu akisema «utalii utalinda njia ya Nindja», tumwulize: kwa mkono gani? Pasipo kifungu chenye kuandikwa, chenye kusema sehemu hii ya kila tiketi ni ya watu wa shingo, utalii haulindi Nindja hata kidogo.

Jambo la pili: wageni wanaogopa bunduki na ugonjwa. Mwaka 1996 walikimbia. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, mipaka ya dunia ilifungwa. Mwezi wa Februari 2025 vita ilifika Bukavu yenyewe. Kila mara hivyo, mshahara uliosimama juu ya wageni peke yao ulianguka siku moja. Utalii ni asali: mtu akiipata ashukuru, aile pamoja na watoto. Lakini hakuna mama mwenye akili anayeacha kulima mihogo eti kwa sababu mume wake aliona mzinga wa nyuki.

VI. Mgeni mwema hufanya nini

Siku moja baadhi yenu mtapanda Tshivanga, ao mtawaongoza wageni. Sheria zifuatazo hazikutungwa kwa kuwasumbua watu.

Kundi moja lisipite wageni 8 kwa jamaa moja ya gorila, wala wasikae zaidi ya saa moja. Gorila ana kazi yake: kula, kunyonyesha, kupumzika, akitazamwa mchana kutwa anachoka na kukonda.

Mtu akae mbali na gorila. Sheria ya zamani ilikuwa metri 7. Tangu Korona wataalamu wanaomba 10. Avae kitambaa cha kufunika kinywa na pua. Sababu ni hii: mwili wa gorila ni jirani wa mwili wetu, na kikohozi chetu kinamwingia. Mwezi wa Januari 2021 magorila wa bustani moja ya nyama katika San Diego, Marekani, walionekana kuwa na Korona. Mafua yenye kumlaza mtoto wetu siku tatu yanaweza kumwua mtoto wa gorila. Kwa hiyo mwenye kukohoa abaki chini, hata kama amekwisha kulipa. Kiongozi akiona mgeni mgonjwa na akapokea zawadi ili afumbe macho, ameiuza jamaa nzima ya gorila kwa bei ya chupa chache.

Asile mbele yao, asiache takataka, na haja kubwa aifukie ndani ya shimo refu. Asiombe picha ya kumgusa. Tena, na hili linasahauliwa mara nyingi, awaheshimu watu kama anavyowaheshimu nyama: asimpige picha Mutwa bila ruhusa kama kwamba naye ni mmoja wa wale aliokuja kuwatazama, anunue chakula na vikapu kijijini, aulize tiketi yake imefanya nini.

VII. Nini itaokoa Nindja

Kwanza, mpaka uonekane. Mpaka usiowekwa kwa miguu, pamoja na Mwami, wazee, wakulima, Batwa na walinzi, ni mstari wa karata tu. Sheria ya ulinzi wa viumbe ya tarehe 11 Februari 2014 inataka wakaaji waulizwe mbele ya kutengwa kwa inchi mpya ya akiba. Kilichokosekana mwaka 1975 kinaweza kufanywa kwa kuchelewa. Ni afadhali kuliko kutofanywa. Pengine mahali fulani mstari utasogea. Shingo nyembamba yenye kukubaliwa inafaa kupita shingo nene yenye kupiganiwa kila mwaka.

Pili, makaratasi yasafishwe kuanzia juu. Kama hati ya tajiri ndani ya shingo ni ya uongo, ifutwe mbele ya kung'oa mihogo ya mjane. Sheria yenye kuanzia kwa mdogo haitaaminiwa na mtu.

Tatu, mkulima mwenye kutoka apewe pa kwenda. Udongo wa Kabare na wa Walungu umejaa watu. Mtu akiondolewa bila shamba lingine atarudi usiku. Na mahali penye kukubaliana kubaki, pandwe miti, mizinga ya nyuki iwekwe, mashamba yapangwe kwa vipande, ili nyama wapate pa kupita kati ya watu bila kukanyaga chakula chao.

Nne, Batwa wapate udongo wenye karatasi, na wapate kiti katika shauri la parke. Wasiitwe tu siku ya kufuata nyayo.

Tano, pesa za wageni zifike kwenye shingo kwa hesabu yenye kusomwa mbele ya watu wote. Barua ya hesabu ibandikwe mlangoni mwa shule ya kijiji: zimeingia franga hizi, zimefanya kazi hii. Mtu akiona, ataamini.

Sita, kuni na makala ya mji vitafutiwe njia nyingine. Bukavu inapika kila siku. Jiko lenye kula makala nusu, na miti ya kuni yenye kupandwa katika mashamba yetu wenyewe, ndiyo ulinzi wa Nindja unaoweza kuanza leo katika seminari hii, nyuma ya jiko letu. Hatuwezi kuwafundisha watu wa Nindja wasikate mti, nasi magunia ya makala yanaingia mlangoni kwetu bila mtu kuuliza yametoka wapi.

Neno la mwisho

Nasi tusifiche ukweli: kazi hii haiwezi kwisha vizuri mahali penye bunduki nyingi zisizo na mwenyewe. Amani ni sherti ya kwanza ya mambo yote tuliyotaja. Lakini amani ikifika itakuta nini? Ikikuta mpaka umekwisha kupatanwa, hati zimekwisha kujulikana, na watu wenye kuaminiana kidogo, nyama watarudi wenyewe, kama walivyorudi tembo wa Ishasha. Ikikuta shingo imekatwa kabisa, kichwa cha kibuyu kitabaki na magorila wake kama picha nzuri ukutani, na siku moja picha itaanguka.

Basi, ndugu, siku moja mzee wa Nindja atakuja barazani kwako na karatasi yake ya zamani mkononi, imekunjwa mara nne, nayo ina muhuri. Usimjibu upesi kwa maneno ya parke, wala usimjibu upesi kwa kumfurahisha. Ifungue, uisome pamoja naye, umwulize ni nani alipiga muhuri na mwaka gani. Kisha mwende wote wawili mpaka mahali penyewe, mkaone mpaka unapita wapi, na nyama wanapita wapi.